Sinia la Matundu Matano

Mama Zuhura alikuwa anapima bunduki kwa vyombo vyangu. Mimi nilikuwa na meza ya vyombo Kariakoo, mbele ya duka la vitambaa la Bwana Kanti, na yeye ndiye alikuwa mlinzi wa duka hilo. Jumamosi moja mchana, wateja wamekatika, akachukua kisosi mezani kwangu akakiinua juu.

"Hii karabini, hatua hamsini, risasi zake zote zinaingia humu." Akakirudisha, akachukua sahani ya wali. "Hatua mia, humu." Halafu akagonga kwa ukucha sinia kubwa la alumini. "Mia na hamsini, humu. Na hapo uwe hujakimbia, hujalia, na hujagombana na mume."

"Na mia tatu, mama?"

"Mia tatu piga dua, Sinia. Dua inafika mbali kuliko haka kachuma."

Sinia ndiye mimi. Nina jina la nyumbani lakini Kariakoo hakuna anayelijua, na mimi mwenyewe likitajwa huwa nageuka kuangalia anayeitwa ni nani.

Karabini ilikuwa ya Bwana Kanti. Kibali chake alikiweka kwenye fremu ya kioo ukutani, utadhani cheti cha ndoa. Bunduki yenyewe fupi, nyepesi, ukivuta mara moja inatoka moja, nyingine inajipakia yenyewe. Mama Zuhura alikuwa jeshini ujanani, sasa ana hamsini na kitu na goti bovu la kulia. Miaka yote alikuwa analinda kwa rungu na mdomo, na vibaka walikuwa wanaogopa mdomo. Mimi alinilisha. Siku meza haijauza, nilikula bakuli moja na yeye, akinitukana kila tonge.

Lakini Bwana Kanti alishaanza kumuona mzee. Jioni ile alitoka dukani akasema, "Kutoka geti langu mpaka kona ya Dulla ni hatua mia na hamsini, nimezihesabu. Kesho twende shamba, tujaribu. Risasi tano. Tatu zikiingia kwenye sinia, mama unabaki. Zisipoingia, naleta kijana wa kampuni ya ulinzi."

"Na kijana wa kampuni akikosa?" nikamuuliza.

"Wewe leta sinia."

Dulla wa kona alikuwa rafiki yangu, la saba tumemaliza pamoja Buguruni. Alikuwa na fremu, kiduka cha nguo, na nje alipanga midoli sita ya kuvalisha, mirefu, imesimama usiku na mchana kama inasubiri hotuba. Mwezi ule aliivalisha yote kofia na miwani nyeusi. Tulimwambia hiyo ndiyo familia yake, maana mwanamke wa kumkubali hajazaliwa. Alikuwa anajibu, "Hawa angalau hawali."

Jumapili tukaenda shamba. Sinia nililifunga kwa kamba kwenye msumari wa inchi nne nguzoni, nikarudi kujificha nyuma ya gari. Mama Zuhura akapiga tano, taratibu, akivuta pumzi kila moja. Kisha akakaa chini anakanda goti. Nikakimbia kuleta majibu.

Matundu yalikuwa mawili. Yote ukingoni, upande wa kushoto. Tatu hazikugusa kabisa.

Nikageuka. Kule mbali Bwana Kanti alikuwa anajifuta jasho, mama anakanda goti. Hakuna aliyeniona vizuri, magugu yalikuwa yamenifika kiunoni. Nikang'oa ule msumari, nikaokota jiwe, nikatoboa matatu katikati. Moja nikalipeleka pembeni kidogo ili yasionekane yamepangwa. Fundi mimi.

Bwana Kanti alifurahi mpaka akanipa mkono. Mama Zuhura aliliangalia sinia kwa mbali, akatikisa kichwa.

"Hizo tatu ndiyo bunduki. Hizo mbili za kushoto ni mkono wangu. Nimezeeka kweli."

Nilicheka. Tuliponunuliwa chipsi njiani nilikula za kwangu na nusu ya zake. Sinia likatundikwa dukani, chini ya kibali, na mama akabaki na kazi yake.

Wiki ya pili, Jumanne asubuhi, milio ikaanza upande wa Posta. Tulidhani fataki. Halafu watu wakaja mbio kutoka Msimbazi, wengine hawana viatu. Nani alikuwa anampiga nani, na kwa nini, mimi sijui mpaka leo. Waulize waliosoma. Mimi nasema nilichokiona kwenye tundu la geti.

Tulijifungia dukani watatu: Bwana Kanti, Mama Zuhura na mimi. Maji tulikuwa nayo, tangi lilikuwa juu ya paa. Chakula kilikuwa mchele na dengu za Bwana Kanti. Simu hazikushika.

Mchana ule mtu mmoja alikatiza mtaa na godoro kichwani. Alipigwa risasi kutoka juu, kwenye ghorofa ambalo hatukulijua ni lipi. Alianguka, na godoro likamwangukia likamfunika vizuri, kama kuna mtu alikuja kumsitiri.

Mtaa mzima ukajifunza hapo. Anayetembea, anakufa.

Kariakoo ikanyamaza. Mtu wa Dar anajua hiyo ni kitu gani. Hata saa tisa ya usiku Kariakoo huwa inakoroma. Sasa palibaki paka, na spika ya mmachinga mmoja aliyekimbia akaiacha inawaka. Ilikuwa na sauti ya mwanamke iliyorekodiwa: "Karibu mteja, chagua mwenyewe, chagua!" Jumanne yote, Jumatano yote, ilimkaribisha mteja kwenye mtaa wenye maiti moja chini ya godoro. Mimi nilikuwa namjibu, "Asante dada, leo naangalia tu." Mama Zuhura alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili akaniambia ninyamaze.

Jumatano jioni nilihesabu midoli ya Dulla. Sita. Dulla mwenyewe tulijua yuko Buguruni kwao. Jumanne ile hakuna aliyemuona akifungua.

Alhamisi asubuhi nikahesabu tena, kwa kukosa kazi.

Saba.

"Mama, midoli imezaa."

Akaja akachungulia. Akahesabu kwa midomo. Saba, yote na kofia, yote na miwani. Sita ilikuwa imeangalia barabarani kama Dulla alivyoiacha. Mmoja, wa pili kutoka kushoto, alikuwa ametuangalia sisi.

Tulimtazama asubuhi nzima. Hakutikisika. Nzi walikuwepo kila mahali mtaa ule, na yeye hakufukuza hata mmoja. Nikaanza kudhani jana nilihesabu vibaya. Saa sita mchana nilienda kunywa maji, nikarudi, na ule mkono wake wa kulia, ambao ulikuwa umenyooka, ulikuwa umekunjwa kiunoni.

"Ulikuwa hivyo toka mwanzo?" nikauliza.

Mama akanisogeza, akachungulia.

Spika nayo betri ilikuwa inaisha. "Karibu mte... chagua... gua... gua..." Ikakata.

Bwana Kanti alikuwa hajalala tangu Jumanne. Jana yake watu wenye silaha walivunja geti la jirani, tukasikia yote mpaka kelele zilipoisha. Alisogea kwenye tundu, akarudi amebadilika rangi.

"Yule ni mtu wao. Anahesabu tuko wangapi. Mama, mpige."

"Simpigi mtu nisiyemjua."

"Wakija leo, watakuuliza unamjua nani?"

Mama Zuhura alikanda goti lake. Halafu akachukua karabini, akalala chini, mdomo wa bunduki kwenye uwazi wa chini ya geti.

"Nampiga mdoli wa tatu, wa kulia kwake ukimtazama toka huku," akasema. "Kichwani. Kama ni mtu atakimbia, na tutajua. Kama ni mdoli, tumepoteza risasi." Akageuza macho kwenye lile sinia ukutani. "Bunduki inalenga katikati. Mkono ndio niutulize."

Kati ya kile kichwa cha mdoli na kile cha huyo wa pili pana shubiri mbili.

Mimi nilikuwa nyuma yake. Sinia lilikuwa juu ya kichwa changu. Nilijua kitu kimoja ambacho yeye hakukijua: ile bunduki inapeleka kushoto. Ningesema maneno matatu tu. Lakini Bwana Kanti alikuwa amesimama pale, na mimi, vita iko mlangoni, nilikuwa bado naogopa mama asifukuzwe kazi.

"Mama," nikasema.

"Nini?"

"Vuta pumzi."

Akavuta pumzi.

Akapiga.

Mdoli wa kulia hakutikisika. Miwani yake ilibaki palepale.

Yule wa pili akakaa chini.

Mdoli ukipigwa unaanguka mzima mzima, kama mlango. Haukunji magoti. Huyu aliyakunja, akaweka mkono chini kwanza, kama mtu anayejitafutia nafasi kwenye mkeka. Kofia ikadondoka. Halafu akalala ubavu.

Bwana Kanti alianza kusali kwa lugha yake, taratibu.

Hakuna aliyekuja. Hakuna aliyevunja geti. Hakuwa mtu wao.

Ijumaa asubuhi tukasikia adhana, ya kwanza tangu Jumanne, na baadaye kidogo watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, mikono juu, wakinyata kama wezi kwenye mtaa wao wenyewe. Nikatoka. Nilizihesabu hatua bila kutaka. Mia na hamsini na mbili. Bwana Kanti alikuwa na miguu mirefu.

Alikuwa Dulla. Mlango wa fremu yake ulikuwa wazi kidogo, na ndani palikuwa na godoro la maboksi na chupa tatu za maji, tupu. Alikuwa amelala dukani usiku wa kuamkia Jumanne, kumbe, kusubiri mzigo. Siku mbili alikuwa humo ndani. Maji yakaisha. Akavaa kofia na miwani, akatoka akasimama na familia yake, maana midoli ndiyo peke yake iliyokuwa hairushiwi risasi. Alikuwa anatuangalia sisi kwa sababu alijua kwetu kuna tangi, na alijua mimi siwezi kukaa bila kuchungulia. Nyuma ya kiuno, kwenye ule mkono aliokunja, alikuwa ameshika kidumu cha lita tano. Nadhani alikuwa anasubiri nimtambue.

Tulimzika Jumamosi. Watu walikuwa wanazika haraka siku zile, na hakuna aliyeuliza risasi ya nani. Mama yake alinikumbatia, akaniambia mimi ndiye nimebaki mwanawe. Bwana Kanti alifunga duka, akahamia kwa nduguze. Karabini aliirudisha polisi mwenyewe. Mama Zuhura aliacha ulinzi Ijumaa ileile tuliyomkuta Dulla. Kazi niliyomuokolea ilidumu siku kumi na mbili.

Mimi niliondoka na sinia. Niliomba, nikapewa. Nimelala nalo likiwa chini ya kitanda miaka minne, na katika miaka hiyo nimechekesha watu harusi, misiba na foleni zote za mji huu.

Mwezi uliopita nikalitia kwenye mfuko nikaenda Buguruni, chumba alichopanga Mama Zuhura. Nilimkuta anachambua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kula, umekuja kuniudhi?"

Sikukaa. Nilitoa sinia, nikamwambia. Msumari, jiwe, magugu, yote. Nilisema haraka, nikiangalia ukuta. Nilipomaliza alikuwa bado ameshika punje moja ya mchele kati ya vidole viwili.

"Ulitoboa mangapi?"

"Matatu."

"Yapi?"

"Ya katikati."

Akalichukua sinia, akaliinua kwenye mwanga wa dirisha. Matundu yote matano yakawaka. Akaweka vidole vitatu, kimoja kimoja, akaziba ya kwangu. Yakabaki mawili, ukingoni, kushoto.

"Miaka yote hii," akasema, "nilijua ni mkono wangu."

"Haukuwa mkono wako, mama."

"Nyamaza." Akashusha sinia. "Kidole kilikuwa changu. Kidole hujakitoboa wewe."

Nje mtoto wa jirani alikuwa anapiga ndoo kama ngoma.

"Mama yake Dulla anajua?"

"Hajui. Kila Idi napeleka sukari, ananiita mwanangu."

Aliufunika mchele kwa sahani. Akashika ukingo wa kitanda, akanyanyuka, goti likalia. Akachukua mtandio wake msumarini, akajifunga, akaniangalia miguuni.

"Vaa viatu," akasema. "Na hilo sinia unabeba wewe."