Maziwa ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu wa kijiji cha Chechelesi alifukiza kibuyu kwa moshi kila asubuhi, akakinusa, kisha akatumiminia maziwa mabichi bila kuuliza. Tulipomtembelea likizo ya mwaka wa themanini na nne, wanangu waliharisha na kutapika siku tatu, naye bado akawa anawaletea kikombe.

"Yachemshe basi!" nilimfokea.

"Maziwa ikichemshwa, ng'ombe inakauka kiwele," alijibu polepole. Ukame ulikuwa umembakizia ng'ombe mmoja tu.

"Basi chagua. Ng'ombe ama wajukuu."

Kesho yake nilimkuta akikoroga sufuria inayochemka, uso ameugeuzia ukuta. Aliwanywesha watoto, akatoka, akamshika ng'ombe kiwele na kumnong'onezea Kiborana, lugha yake ambayo kwa miaka kumi ya ndoa sikuwa nimejisumbua kujifunza.