Shemeji Aliniletea Kibodi Nimwekee Dada Zawadi

Admin, ficha jina langu tafadhali. Dada yangu anafuata hii page.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na nane, nilimaliza form four, niko tu nyumbani hapa Busia nikingoja chuo. Si mtu wa maneno. Wageni wakija mimi hujificha jikoni. Kitu najua ni kibodi: natoa programu iliyokuja nayo naweka nyingine, ili kila kitufe kifanye vile mwenyewe anataka. Nilijifunza kwa video.

Dada ndiye anatulea. Anafanya clearing, kupitisha mizigo forodhani, hapo mpakani Malaba; kutwa anaingiza makaratasi ya malori kwa kompyuta ya ofisi. Juzi mchumba wake akaniletea kibodi mpya. Akasema, "Kuna kitufe kitamwandikia salamu za mapenzi. File ni hii, wewe weka tu. Usiijaribu mahali popote, utaharibu surprise."

Lakini mimi siwezi kurudisha kazi bila kuijaribu. Nikaingiza ile file, nikachomeka kibodi kwa laptop yangu kuukuu. Hata kabla sijagusa kitufe chochote, dirisha jeusi likafunguka, maandishi yakajiandika yenyewe mbio, likafunga. Nikarudia huku narekodi na simu, nikapunguza kasi ya video. Hakuna salamu hapo. Ilikuwa inaagiza kitu kutoka anwani fulani ya mtandao na kukificha ndani ya kompyuta.

Nikamwuliza polepole, "Shem, mbona inajiandika yenyewe?"

Hakushangaa. Aliuliza tu, "Uliichomeka kwa mashine ya nani?" Nikasema yangu. Ndipo akacheka. "Wewe unaona sinema mingi. Nyamaza nikununulie soda."

Nikafuta file yake kimyakimya, nikaweka programu ya kawaida na salamu nilizotunga mwenyewe. Shemeji akampa dada, na dada alipofinya kile kitufe alilia kwa furaha. Akaibeba kazini.

Tangu hapo shemeji haulizi kama dada amekula. Anamwuliza, "Umeichomeka ofisini? Kwa kompyuta ya ofisi kabisa, si simu?" Jana akanifuata nikifua. "Wewe mnyamavu, uliweka file yangu ama yako?" Nikasema yako. Nikainamia povu, nikaendelea kufua.

Sasa dada ananiambia shemeji ameomba kibodi arudishiwe kesho, eti kuna fundi ataiboresha. Na Jumamosi wazee wake wanakuja kwetu kujitambulisha, Mama ameshaazima viti. Najua atairudisha na file yake ndani, na kitu kikiharibika kule ofisini, ni dada atafutwa kazi.

Nikimwonyesha video ataona tu maandishi yakipita. Mama atasema nina wivu. Na nikisema ukweli, lazima niseme wote: kwamba yale maneno yaliyomliza, anayomsomea kila mtu kazini, si ya mchumba wake. Ni yangu.

Nishaurini jamani, kabla ya kesho asubuhi. Nianzie wapi?