Mgonjwa Asiyeruhusiwa Kusimama

Ebla Nunow aliuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa, na alisifika kwa kutochanganya maji. Alijulikana pia kwa mdomo. Mwaka 1966, serikali, ikipigana na waasi, ilipowakusanya wafugaji katika vijiji vinavyolindwa na askari, yeye na mumewe Guleid walionyeshwa mahali pa kujenga kibanda nje ya mji. Ngamia wao wengi walikuwa wamekwisha. Kibanda kilikuwa kizima.

Mwaka huohuo homa na mafua vilipita kijijini. Watu walipona. Guleid naye homa ilimtoka, lakini alibaki akihema kama mtu aliyefukuzwa, miguu imevimba, na hapati usingizi bila kuegemea magunia. Jirani yao Habibo alishauri achomwe kifuani kwa moto, kama walivyotibu wazee. Ebla alimpeleka zahanati kwanza. Moto ungepatikana wakati wowote. Ruhusa ya kutoka kijijini haikupatikana kila siku.

Msaidizi wa daktari, kijana wa Meru aitwaye Lazarus, alimsikiliza Guleid kifua kwa muda mrefu.

"Vijidudu vya ile homa vilifika kwenye moyo," alimweleza Ebla. "Mwili ulipopigana navyo, nyama ya moyo ikaumia, ikavimba."

"Moyo nafimba kama mguu?" Ebla aliuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni.

"Ndiyo, mama. Mguu ukivimba unaupumzisha. Moyo haupumziki, ila mwenyewe akilala unapunguziwa kazi. Nampa dawa ya kutoa maji mwilini. Asile chumvi, na asisimame hata kusalimia mtu. Akilazimisha, moyo utashindwa na atakufa."

Vitanda vya wagonjwa vilikuwa vimejaa, kwa hiyo walirudi kwao.

Hapo ndipo shida ilipoanza. Kwa watu wao, mgonjwa hutembelewa na ukoo mzima, na Guleid alikuwa amelelewa kusimama kumpokea kila mtu aliyemzidi umri. Wazee wa kwanza walipoingia, alisimama. Walipokuwa wakimwombea dua, midomo yake iligeuka rangi ya majivu.

Kesho yake aliamka akajikuta ndani ya shuka tu.

"Ebla, kikoi changu kiko wapi?"

"Kimeloa."

"Na kile kingine?"

"Nacho kilikuwa kichafu."

"Jana kilikuwa safi!"

"Jana na wewe ulisema u mzima."

Mchana kikohozi kilisikika mlangoni. Alikuwa Korane, mzee mkubwa kuliko wote katika ukoo, aliyewaomba askari ruhusa ya kutoka kijiji cha pili. Guleid alikamata shuka ajifunge ainuke. Ebla aliikalia pembe ya shuka.

"Adeer, nisamehe," Guleid alisema, akimwita baba mdogo kwa heshima. "Huyu mwanamke ameniibia nguo."

Korane alimtazama Ebla. "Ni kweli?"

"Ni kweli, adeer. Daktari amesema akisimama atakufa. Nimemwambia, hasikii. Nikaona niziloweke."

"Zote?"

"Zote."

 Mzee aliweka bakora chini, akajinyoosha polepole kwenye mkeka kando ya mgonjwa, kofia ikamtoka.

"Sasa tumelingana," alisema akitazama paa. "Nisalimie."

Guleid akamsalimia. Waliulizana hali ya watu, ya ngamia na ya mvua, wala hawakuruka kitu. Walipomaliza, Korane alishindwa kuinuka, na Ebla akamvuta kwa mikono miwili.

Baada ya hapo hakuna aliyeweza kudai heshima kubwa kuliko ya Korane. Kila aliyekuja alijilaza kando ya mgonjwa. Kibanda kilikuwa kidogo, na siku wageni walipokuwa wengi Ebla alipikia nje.

Mwezi uliofuata Lazarus alikuja, akasikiliza tena kile kifua. Alisema moyo umetulia, uvimbe wa miguu umeisha, na mgonjwa anaweza kutembea mpaka mlangoni.

Ebla alimshukuru sana, akamtilia maziwa kwenye chupa. Kisha alirudi ndani, akaviongezea vikoi maji. Lazarus alikuwa kijana mzuri, lakini bado alikuwa kijana, na wiki moja zaidi isingemdhuru mtu.