Kigoda cha Mlangoni

Juzi sokoni Buhare niliona kigoda cha miguu mitatu, nikamkumbuka mama, nesi wa kijiji chetu cha ujamaa kule Suguti. Mchana mmoja nilipokuwa mtoto, dagaa wakinuka juani, alikiweka kigoda chake mlangoni kwa jirani aliyejifungua usiku, akakaa. Mwenyekiti wa kijiji akaja kumtoa mzazi huyo aende shamba la pamba.

"Kila mtu analima, nesi."

"Mzazi anayetoka damu halimagi, Mwenyekiti. Ukimtaka, nivuke mimi kwanza."

Kwetu mkubwa akifika unasimama. Mama hakusimama. Nilidhani amechoka, nikamletea maji. Akayanywa polepole, macho kwa Mwenyekiti, mpaka yule mzee akageuka akaenda zake.

Sasa na mimi ni nesi. Kigoda cha Buhare nimekinunua.