Noti Tatu za Tarumbeta

Kwa miezi miwili nilikuwa mtaalamu pekee wa muziki wa okestra katika kata nzima ya Nyanga. Cheo hicho nilijipa mwenyewe, kwa hiyo hakuna aliyekipinga.

Kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa kwaya tu, tena wa siku nyingi. Halafu akarudi kutoka Mwanza binti niliyemfundisha do-re-mi mwenyewe, wakati hana hata meno ya mbele. Sasa amesomea muziki chuoni, anapiga kinanda kwa vidole vyote kumi, na kamati ya parokia ikaanza kunong'ona. Mwishowe wakasema wazi: twende wote wawili kwenye semina ya walimu wa kwaya kule Izigo, kila mmoja afundishe somo moja juu ya muziki na hisia, kisha wao wataamua nani aishike kwaya. Niliitikia kwa tabasamu. Moyoni niliogopa sana. Bila kwaya, mimi ni mkulima wa migomba mwenye sauti nzito, basi.

Binti alichagua zaburi. Mimi nikasema nitamzima kwa okestra. Kwenye kibanda kimoja pale soko la Bukoba nikaingiziwa kwenye simu filamu ya Ulaya ya zamani: magauni yanayofagia sakafu, farasi, na msichana yatima ambaye baba zake wadogo wanataka kumnyang'anya shamba. Ilikuwa ya kutafsiriwa, kuna jamaa anasimulia kila kitu kwa Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Nilijizoeza kumsikiliza yeye kwa sikio moja na okestra kwa lingine. Filamu nyingine za kutafsiriwa sikuwahi kuzitazama. Zile za mateke na bunduki niliwaachia watu wasio na sikio, wakiwemo wanangu.

Kila alasiri nilikaa uani na daftari, spika masikioni, eti nalinda kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Niliandika fidla zinapoingia, zinaponyamaza, zinaporudi kwa unyonge. Siku moja nikamwona mke wangu anakimbia huku na huku, mdomo unafunguka bila sauti. Nilipovua spika nikamsikia: "Baba, mvua! Kahawa yote inalowa!" Nilimwomba asinisahaulishe nilikuwa dakika ya ngapi. Jioni hiyo nilikula peke yangu.

Ugunduzi wangu mkubwa ulikuwa tarumbeta. Noti tatu zikishuka, so, mi, do, zinatokea ghafla kisha basi. Zilikuja kabla ya barua mbaya, kabla ya mama mmoja kuzimia, na hata kabla ya chakula ambacho hakikuwa na ubaya wowote. Pale kwenye chakula nilihangaika siku tatu, kisha nikaandika: "Mtunzi anatuonya kuwa msiba hukaa hata mezani." Sentensi hiyo nilijisomea kwa sauti mara kadhaa. Mara nyingine noti zenyewe hazikupatana kabisa na okestra, na hilo nikaliita ujasiri wa mtunzi. Nikazipa jina, noti za msiba. Jinsi zilivyoniingia, nikatunga wimbo mpya wa "Bwana Utuhurumie" juu yazo, na kwaya ikaanza kujifunza. Binti ndiye aliyetupigia kinanda.

Izigo nilifundisha vizuri, sitadanganya. Nilichora ubaoni, nikapiga vipande kwa spika kubwa, na nilipofika kwenye noti za msiba nikawasomea ile sentensi ya mezani, nikawaomba wote wafumbe macho. Tarumbeta ikalia. Mama mmoja wa sauti ya pili, mwenyeji wa hapohapo, akanyoosha mkono, akaanza kwa heshima ya Kihaya.

"Waitu mwalimu, samahani. Hiyo si ya yule anayetafsiri?"

"Kivipi, mama?"

"Ni honi yake. Hata kwenye zile za Wachina za mateke ipo. Akitaka kunywa maji, anaibonyeza."

Kumbe darasa zima lilikuwa linaijua. Mtu wa nyuma akatoa simu, akatafuta filamu ya mateke, akatupigia: so, mi, do, na papo hapo mtu akala teke la kifua. Walicheka mpaka padre akaja kuchungulia mlangoni. Mzee mmoja akauliza kama na huyo wa teke msiba wake ulianzia mezani. Masikio yaliniwaka moto. Miaka yote nimewaambia wanakwaya kuuliza si ujinga, na mimi sikumwuliza mtu, hata wanangu, kwa kuwa niliwadharau.

Binti akasimama. "Lakini noti ameziandika sawasawa," alisema. "Sijui ni wangapi humu tungeweza." Wakanipigia makofi. Makofi ya huruma yanauma kuliko kicheko.

Tulipokuwa tunasubiri basi la kurudi Bukoba nikamwuliza kama alijua.

"Tangu siku ya kwanza ya mazoezi, mwalimu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeuchana wimbo. Na wimbo ni mzuri."

Ni kweli, ningeuchana. Nilitazama barabara, nikajifanya basi linakuja.

Kamati ilimpa kwaya. Iliniuma, na bado inaniuma kila Jumamosi ya mazoezi. Nilidhani nitakaa nyumbani, lakini mke wangu alisema hataki mtu wa kununa kwenye mkeka wa kahawa, basi nikaenda kusimama na besi, safu ya nyuma. Jumapili ya kwanza binti akainua mikono, akaanza na wimbo wangu.

Anaupanga mara nyingi, na waumini wanaupenda. Nimeona watu wazima wakifuta machozi kwa honi ya jamaa mwenye kiu. Zikikaribia zile noti tatu nainamisha kichwa nisionekane nikicheka, na jirani yangu wa besi anadhani nasali. Jumapili iliyopita, kwa kweli, nilikuwa nasali.