Kope ya Ussumane

Ussumane hakuwa mvivu. Naliandika hilo kwanza, kwa sababu tuliomjua tumebaki wachache, na hata sisi tunamkumbuka kwa jicho lake tu. Kope ya jicho lake la kulia ilikuwa imeshuka kidogo. Haikufunika mboni, iliishia juu yake tu, kama pazia lililoachiwa nusu. Alizaliwa nayo. Utotoni tulimwita Nusulala, akacheka, na mambo yakaishia hapo. Alipomwoa dada yangu Siwema, dada alisema ndiyo iliyomvutia, maana ilimfanya aonekane mtu asiye na papara.

Kisha vita vya kuwang'oa Wareno vikaja, na uso wa mtu ukawa kitu cha kuchunguzwa.

Mwaka wa 1968 Ussumane alikuwa mlinzi wa lango la ghala moja bandarini Mocímboa, kaskazini mwa Msumbiji, zamu ya mchana. Msimamizi wa ghala alikuwa Mreno tuliyemwita Bwana Funguo, kwa rundo la funguo lililomning'inia kiunoni. Siku hizo mlinzi aliyekutwa amelala hakuhesabiwa mvivu, alihesabiwa mtu wa wapiganaji wa msituni. Mara ya kwanza Bwana Funguo alipomkuta ameketi na kope yake ile, alimpiga fimbo ya bega. Mara ya pili aliandika jina lake, akamwambia kwamba mara ya tatu atakabidhiwa kwa askari. Mtaani petu walikuwa wamekwisha kukabidhiwa watatu, na hakuna aliyerudi.

Tangu siku hiyo shemeji yangu hakuweza kutulia. Kazini alitembea mbele ya lango tangu asubuhi hadi jioni. Nyumbani aliinuka katikati ya chakula kwenda kujitazama kwenye kioo cha Siwema. Alijizoeza kuinua nyusi kwa nguvu za paji la uso, na ilipofika alasiri kichwa kilimuuma hata hakutaka kusemeshwa.

Alianza kwa Henrique, nesi wa serikali, mtu aliyekuwa na subira ambayo siku hizi huikuti hospitali yoyote. Henrique alimuuliza kama kope ilishuka karibuni au tangu kuzaliwa, kama jioni huzidi, kama huona vitu viwiliviwili. Akapima mboni zote mbili kwa mwanga wa tochi, akamwambia kuwa si ugonjwa, anaona vizuri, aiache ilivyo.

"Mimi naona, Senhor Henrique," Ussumane akamjibu. "Shida ni wanavyoniona wao."

Henrique akamweleza yaliyokuwepo. Kulikuwa na upasuaji wa kukaza msuli unaoinua kope, lakini daktari wake alikuwa mji mkuu, na asingemgusa mlinzi wa lango. Kulikuwa na miwani yenye kijiti cha waya cha kuikinga kope isishuke, ya kuagizwa Ureno. Na kulikuwa na plasta. Akampa plasta. Ilishika hadi saa nne, jasho na upepo wa chumvi vikaibandua.

Siwema akajaribu wanja, kuling'arisha jicho lile. Wapagazi wa bandarini walimwona Ussumane wakampisha njia kwa heshima, mmoja akauliza bibi harusi wao ameletwa na nani. Akaunawa pale pale bombani. Maalim alimwandikia aya za kombe, akaziosha kwa maji akanywa siku tatu, moyo ukapoa na kope ikabaki pale pale. Leo mjukuu wangu ananiambia kuna dawa ya matone inayoinua kope kwa saa kadhaa. Ananisomea kwenye simu. Hajui kuwa kulikuwa na mtu Awasse, bara kidogo kutoka kwetu, aliyeweza kuinua kope kwa kisu chenye upana wa ukucha.

Mtu huyo nilimtaja mimi. Aliitwa mzee Bernardino, Mmakonde wa uwanda wa juu aliyehamishiwa Awasse kwa amri ya Wareno, pamoja na kijiji chake kizima. Alikuwa fundi wa dinembo, zile chale za usoni ambazo Wamakonde walizivaa kama sisi tuvaavyo kofia. Leo vijana wanaziita ushamba. Mzee Bernardino alijua ngozi kama mshonaji ajuavyo kitambaa. Alijua ya kijana hupona vipi na ya mzee vipi, wapi hutuna na wapi hujikunja. Alikuwa amekwisha kuinua kope za watu wake kwa chale, na hakuna karatasi iliyoandika hilo.

Tulipata guia, ile karatasi ya ruhusa ya kusafiri, tukaenda na msafara wa malori. Mzee alimkalisha Ussumane juani, akaibana ngozi ya juu ya jicho kwa vidole viwili, akaiachia, akaibana tena.

"Nitachanja ndani ya nyusi, nywele zifiche," alisema. "Kovu likikauka litavuta kope juu. Lakini siku ya saba urudi, mwanangu. Likiwa bichi nalisugua mafuta ya mbono, nalilegeza mpaka linakaa sawa. Usiporudi litavuta litakavyo."

Akachanja mistari mitatu, akapaka masizi. Ussumane hakutikisika.

Siku ya saba guia ilikataliwa. Lori lilikuwa limekanyaga bomu, na barabara ya Awasse ikafungwa zaidi ya mwezi. Siwema alisugua mafuta yeye mwenyewe, ila mkono wake haukujua ulichokuwa ukitafuta.

Mwanzoni tulifurahi. Kope ilipanda, jicho likawa kubwa kuliko la kushoto. Bwana Funguo alimpita langoni bila kusimama. Ussumane akaanza kuketi tena, kiubavu, upande wa kulia ukielekea njia, ili jicho lake jipya lionekane.

Kisha tukagundua kuwa halifumbi. Usiku, weupe wa jicho ulibaki nje, ukakauka, ukauma kama umetiwa mchanga. Siwema alilifunika kwa kitambaa kibichi, kikianguka Ussumane anarukwa na usingizi, anazunguka chumbani mpaka adhana. Mtu ambaye maisha yake yote hakuwahi kulala kazini, sasa alianza kusinzia mchana.

Siku moja ya mwezi wa tatu alilala kabisa pale alipoketi kiubavu, jicho la kulia wazi. Bwana Funguo alipita saa saba, akalitazama jicho, akaridhika. Baada yake wapagazi fulani walitoa masanduku manne ya penisilini kwenye lango lile lile, kweupe, yakaenda msituni.

Jioni askari walipouliza, Ussumane alisema kweli.

"Nililala."

"Mwongo," Bwana Funguo akasema. "Nilipita mwenyewe. Jicho lake lilikuwa wazi. Aliwaona wote."

Ussumane akaivuta kope kwa kidole kuwaonyesha kuwa haifiki chini. Askari wakadhani anawakejeli. Walimchukua saa ile ile, bila viatu.

Alirudi mwaka wa 1974, wafungwa walipofunguliwa. Jicho la kulia lilikuwa na utando mweupe, haoni nalo isipokuwa mwanga. Hakukaa nyumbani siku mbili. Alitaka twende Awasse, na barabara sasa ilikuwa wazi kwa kila mtu, bila karatasi.

Mzee Bernardino alikuwa hai bado, ameketi bila kazi. Wakuu wapya, waliotoka msituni, walikuwa wamekwisha kuwatangazia kuwa chale ni mambo ya giza. Wajukuu zake walikuwa na nyuso tupu. Nilidhani Ussumane atamlaumu. Alikaa tu mbele yake, akainua uso.

Mzee alilipapasa kovu kwa kidole gumba, kutoka mwanzo wa nyusi hadi mwisho, kisha akarudia.

"Nilikwambia siku ya saba," alisema.

"Walifunga njia, baba."

Mzee aliingia ndani, akatoka na kichupa cha mafuta ya mbono. Akamsugua polepole, mpaka jua likahama pale walipokuwa wameketi. Kope haikushuka hata kidogo.