Paswadi ya Waya Phelesia

Kila alipofika mwisho wa mstari, mkono wa kushoto wa Phelesia uliinuka wenyewe na kusukuma hewa kuelekea kulia. Kompyuta yake haikuwa na kitu cha kusukumwa. Taipureta ndiyo iliyokuwa nacho, na taipureta aliiacha miaka kumi na minane iliyopita, ila mkono haukupewa habari.

Lorine, binti wa mdogo wake Job, alikua akiuona mkono ule na kumwita mwenyewe Waya, kama Wajaluo wanavyomwita shangazi, naye akamwita nyathina, yaani mwanangu. Phelesia alikuwa mjane asiye na mtoto. Aliingia kazi ya karani wa taipu Magunga mwaka wa 1971, na alipostaafu akahamia Sindo, akafungua chumba cha kuandika maisha ya marehemu. Upande ule mtu hazikwi bila programu yenye picha yake na habari zake. Watu walimletea sifa, naye akazipunguza.

"Mnasema alikuwa mpole? Mimi nilikuwa jirani yake."

"Tuandikie tu, Mama. Ameshakufa."

"Kufa hakumpi mtu upole. Nitaandika alikuwa na sauti ya kusikika."

Walinung'unika, wakarudi tena walipofiwa tena, maana hapakuwa na mwingine aliyeandika bila kukosea majina ya wajukuu.

Kilichomfanya aifunge kompyuta ni kifo cha kaka yao mkubwa. Job aliiazima kwa saa moja "kuangalia tarehe", na siku ya maziko Phelesia akasikia ikisomwa mbele ya umati kwamba marehemu alikuwa mzee wa kanisa. Kaka yao huyo kanisani aliingia siku ya harusi yake, naye alichelewa. Wiki iliyofuata Phelesia akapanda hadi Migori kwa Bonface, kijana wa makamo aliyechapa programu zake zote, akataka diski ifungwe.

"Nikiifunga hivi, Mama, ukisahau paswadi basi. Hata ukiing'oa diski uipeleke Nairobi, ni jiwe."

"Mimi sisahau. Geuza uso."

Bonface akautazama ukuta, Phelesia akapiga herufi zake. Aliporudi nyumbani aliiandika paswadi kwa kalamu ndani ya jalada la daftari, kwa mwandiko wake uliosimama wima: Magunga1971.

Mwaka huu mwezi wa tatu kiharusi kikamchukua upande wa kulia. Alilazwa Homa Bay. Siku ya tatu alimtaka Lorine, ambaye hufundisha chuoni Rongo, amletee kompyuta na daftari.

"Kuna faili linaitwa MIMI," alisema polepole, mdomo ukimvuta upande mmoja. "Ndiyo maisha yangu. Bonface alichape vile lilivyo. Baba yako asinitie sukari."

Job alikuwa amesimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, akasikia yote. Lorine akafungua kompyuta juu ya blanketi, akaandika kama daftari lilivyosema. Ikakataa. Akaandika tena kwa herufi ndogo, kisha kwa kuacha nafasi katikati. Ikakataa.

"Amesahau," Job akanong'ona, kwa ule mnong'ono ambao wagonjwa ndio huusikia kwanza. "Ni umri. Amesahau hata alichoandika kwa mkono wake."

Mkono wa kushoto wa Phelesia ukainuka, ukasukuma hewa, ukarudi, ukasukuma tena.

"Usijichoshe, dada," Job akasema kwa huruma nyingi, akaifunga kompyuta na kuiweka chini ya kitanda pamoja na ndara. Wazo la kumsogezea mwenyewe aandike halikumjia mtu. Lorine alipoinama kumuaga, shangazi alimwambia jambo moja sikioni, na Lorine akaitikia kwa kichwa kama mtu anavyomwitikia mgonjwa anayeweweseka. Alfajiri ya pili simu ikaja.

Wao ni Wasabato, hawaziki Jumamosi, kwa hiyo maziko yalipangwa Alhamisi na programu ilitakiwa kwa Bonface Jumanne. Job aliandika mwenyewe. Marehemu, aliandika, alikuwa mama mpole na mnyenyekevu, mwenye tabasamu kwa wote. Lorine aliusoma ukurasa ule mara mbili. Mwanamke aliyewatoa watu sukari maisha yake yote alikuwa anakwenda kuzikwa ndani ya gunia zima.

"Baba, hivi sivyo alivyotaka."

"Alivyotaka viko ndani ya jiwe, Lorine. Una paswadi? Kama huna, peleka hii."

Akaipeleka Migori, na kompyuta akaibeba. Bonface alijaribu kila njia aliyoijua mpaka chai yake ikapoa. Mwishowe akaisogeza kando, akaanza kupanga karatasi ya Job. Alipofika kwenye mwaka wa kuzaliwa akatabasamu.

"Nini?" Lorine akamuuliza.

"Ni huyu Mama tu. Miaka yote hii mimi ndiye nilikuwa nasahihisha tarehe zake. Pale pa moja alikuwa anaweka L ndogo. Programu nzima, L. Nilimwonea haya kumwambia."

"Kwa nini L?"

"Taipureta nyingi za zamani hazikuwa na kitufe cha moja. L ndogo ndiyo ilikuwa moja yao. Vidole vikizoea hivyo..."

Hakumaliza. Lorine alikuwa ameshaivuta kompyuta. Aliandika Magunga, kisha L ndogo, tisa, saba, L ndogo. Jiwe likafunguka bila kinyongo chochote.

Faili la MIMI lilikuwa na nusu ukurasa. Lorine aliomba lichapwe vile lilivyo, pamoja na L zake. Na kwa kuwa ya kwake haikuchapwa, Job akalazimika kusimama Alhamisi kule Magunga, kwenye boma la marehemu mumewe Phelesia, na kulisoma mbele ya watu.

"Nilizaliwa mwaka wa L..." akakwama, akavua miwani, akaivaa tena. "Mwaka wa hamsini. Nimeandika maisha ya watu mia tatu na arobaini. Kwa maneno ya jamaa zao, wakali walikuwa wawili tu, wengine wote wapole. Basi sijui ni nani waliokuwa wakipiga kelele Sindo nzima. Mimi sikuwa mpole. Nilimpenda mume wangu, naye alichelewa kujua. Job ni mdogo wangu, nimemsamehe ile habari ya mzee wa kanisa, lakini asirudie."

Hema lote likacheka. Job alilitazama jeneza, naye akacheka, na katikati ya kicheko machozi yakamshinda.

Lorine hakucheka. Kwa mawazo alikuwa amerudi wodini, ameinama, sikio karibu na ule mdomo uliovutwa, akiitikia kwa kichwa maneno aliyodhani ni ya ugonjwa.

"Sijasahau, nyathina. Mashine yangu haikuwa na moja."